Shughuli na Wakati: Sherehe za Jadi za Wagiriama na Maisha ya Marereni

Imekuwa kawaida, kila panapozuka mjadala juu ya sherehe za jadi, swali kuulizwa kwa namna ambayo jibu limekwisha kutiwa ndani yake. Husemwa kwamba maisha ya siku hizi yana shughuli nyingi; kwamba sherehe za jadi zataka nafasi, utulivu na siku za kukaa; na kwamba, kwa hiyo, sherehe hizo hazina budi kufifia, zikabaki kuwa pambo la majukwaa na mapokezi ya wageni. Hoja hii ina mvuto wake, lakini ina kasoro moja ambayo msemaji wa Kiswahili angepaswa kuiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Kasoro hiyo imo katika neno lenyewe shughuli.

Neno hili, ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ya awali ni kazi, limejipatia maana ya pili katika Kiswahili cha pwani. Mtu akisema kwamba nyumbani kwao kuna shughuli, hakusudii kwamba kuna haraka au kazi ya kuajiriwa. Akusudia kwamba kuna arusi, au hitima, au matanga. Kwamba masufuria yametolewa, mkeka umetandikwa na watu wameitwa. Shughuli ni watu, husema wenyewe. Kwa hiyo lugha haikuiweka kazi upande mmoja na sherehe upande wa pili. Iliziweka chini ya jina moja, kwa sababu zote mbili zilikuwa ni namna ya mtu kuutoa wakati wake na kuupeleka kwa wenziwe. Swali la kihistoria basi si kama shughuli zimeongezeka. Ni kwamba wakati wa watu umekuwa wa nani, na tangu lini. Makala haya yanalifuatilia swali hilo kwa kutumia mfano wa Marereni, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Malindi kwenda Garsen, karibu na mpaka wa Kaunti ya Kilifi na ile ya Tana River.

Marereni haumo katika orodha ya miji mashuhuri ya pwani. Hauna magofu kama Gede wala nguzo ya Vasco da Gama kama Malindi. Ulicho nacho ni chumvi. Upande wa bahari, kuanzia Gongoni kwenda kaskazini, ardhi imekatwa mabwawa ya kuanikia maji ya bahari, na milima myeupe ya chumvi huonekana kutoka mbali. Wakazi wake wengi ni Wagiriama, ingawa wamo pia Waswahili, Waata, Waorma, Wapokomo na watu waliotoka bara kufuata kazi. Mahali kama hapa ndipo hoja ya kufa kwa sherehe inapopaswa kupimwa, kwa sababu hapa saa ya mwajiri na ngoma ya marehemu zinaishi kitongoji kimoja.

Kosa la kwanza la kuepukwa ni kudhani kwamba kabla ya chumvi Wagiriama walikuwa wametulia mahali pamoja wakicheza ngoma zao bila bughudha. Historia haioneshi hivyo. Kwa mujibu wa utafiti wa Thomas Spear kuhusu kaya za Mijikenda, uliochapishwa mwaka 1978, kufikia katikati ya karne ya 19 watu walikuwa wameanza kuzihama kaya, yaani vijiji vile vilivyozungukwa na msitu, ambamo wazee walishika sheria na matambiko. Wagiriama walikuwa wafanyabiashara hodari. Waliuza pembe za ndovu, kisha nafaka, katika masoko ya Mombasa, Takaungu na Malindi. Walipotafuta mashamba mapya walisonga kaskazini, na kabla karne ile haijaisha baadhi yao walikuwa wamekwisha kuvuka mto Sabaki na kuingia katika nchi ambayo leo ni Magarini. Kaya Fungo, makao makuu yao ya kale, ilikuwa imebaki nyuma sana, na mamlaka ya wazee wake yalikuwa yamepungua nguvu. Kijana aliyekuwa na mahindi ya kuuza hakungojea ruhusa ya kambi ya wazee ili aoe au ahame. Kwa kifupi, maisha yenye pilikapilika yalianza zamani, na malalamiko ya wazee kwamba vijana hawana nafasi ya mambo ya kwao ni makongwe kuliko barabara ya lami.

Hili ndilo linaloyapa matukio ya mwaka 1913 uzito wake. Arthur Champion alikuwa amewekwa na serikali ya kikoloni kuwatawala Wagiriama, akiwa na kazi mbili kubwa: kukusanya kodi ya nyumba na kupata vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na miradi ya serikali. Ni muhimu kuona kwamba kilichodaiwa hakikuwa fedha tu. Kilikuwa ni wakati: siku na miezi ya vijana, itolewe kwa mgeni. Mwanamke aliyelipinga jambo hili hadharani, Mekatilili wa Menza, hakuwa na cheo katika utaratibu wa kaya, na kwa desturi ya wakati ule haikuwa rahisi kwa mwanamke kuita mkutano. Alichokuwa nacho ni kifudu. Ngoma hii ilikuwa ya mazishi, na wanawake walikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Masimulizi yanakubaliana kwamba Mekatilili alipita vijijini akiicheza, na kwamba watu walimfuata kutoka kijiji kimoja hadi kingine mpaka umati ukawa mkubwa. Kisha umati ule ukaitwa kurudi Kaya Fungo, na hapo, katika msitu ambao wengi wao hawakuwa wameutembelea kwa miaka mingi, wakaapa viapo viwili: wanawake mukushekushe, wanaume fisi. Kiapo kilimfunga kila mmoja asishirikiane na serikali.

Kilichofuata kinajulikana zaidi. Mekatilili alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii, wakatoroka Januari 1914 na kurudi kwao. Tarehe 4 Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na siku chache baadaye Mekatilili akakamatwa tena. Vita vilipokwisha, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa vibarua 1,000. Wale walioishi kaskazini ya Sabaki walifukuzwa kutoka mashamba yao na kuvushwa mto kwa nguvu. Baadaye waliruhusiwa kurudi, lakini nyumba na mavuno yao yalikuwa yamekwisha kuteketea.

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuiweka kifudu katika fungu la nyimbo za mazishi, wakataja vyombo vyake na mavazi yake, wakaendelea na utanzu mwingine. Uainishaji huo si wa uongo, ila unaacha nje jambo lenyewe. Kwa nini ngoma ya mazishi, na si ya arusi au ya mavuno? Yamkini ni kwa sababu mazishi ndiyo sherehe ya pekee ambayo Mgiriama hawezi kuikataa. Arusi mtu aweza kuomba udhuru. Mazishini asipofika, kutofika kwake kutahesabiwa, na siku yake itakapowadia watu watakumbuka. Mekatilili alichagua umbo la kisanaa ambalo hadhira yake ilikuwa na wajibu wa kulihudhuria. Aidha, aliligeuza: maiti haikuwepo, na kilichokuwa kikililiwa ni nchi. Watawala waliona wanawake wakicheza. Hadhira ilielewa kwamba imeitwa matangani na kwamba aliyekufa hajatajwa. Haya ni mabadiliko ya dhima katika utanzu uleule, na ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi katika fasihi simulizi ya pwani ya Kenya.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba kurudi kaya mwaka 1913 kulikuwa ni ufufuo. Watu hawakuendeleza desturi isiyokatika. Waliiokota desturi iliyokuwa imewekwa kando, wakaitia kazi mpya. Wale wanaoibeza sherehe ya leo kwa kusema kwamba imeundwa upya, na kwamba si ya asili, wangefanya vyema kuanza kwa kumbeza Mekatilili.

Hata hivyo mazishi ya Wagiriama hayakuwa na kazi ya kulia tu, wala ya siasa tu. Katika miaka ya 1960 mwanaanthropolojia David Parkin alifanya utafiti katika eneo la Kaloleni, na mwaka 1972 akachapisha kitabu Palms, Wine, and Witnesses. Aliyoyaeleza humo yanahusu minazi, lakini yanaligusa swali la sherehe moja kwa moja. Wakati ule baadhi ya watu walikuwa wakinunua minazi na mashamba kutoka kwa jirani zao. Hati hazikuwepo. Mauziano yalithibitishwa na mashahidi, hasa wazee, na wazee hao ndio waliokula na kunywa tembo pamoja katika mahanga na arusi za kila mtu. Aliyetaka kushuhudiwa ilimpasa awe mtu wa kuhudhuria na wa kukirimu. Hanga, kwa maneno mengine, lilikuwa ni daftari. Humo ndimo ilimokaa kumbukumbu ya nani alimuuzia nani, mpaka wapi, na mbele ya nani.

Mtu mwenye shughuli nyingi naye tunamkuta katika kitabu hichohicho. Wanunuzi wa minazi walikuwa vijana wenye mipango, na karamu za kila mara ziliwamalizia fedha. Baadhi yao walipatwa na maradhi, waganga wakawaambia kwamba wameshikwa na pepo wa Kiislamu, na kwamba hawatapona ila wasilimu. Aliyesilimu kwa njia hiyo hakuweza tena kunywa tembo wala kula nyama ya kila karamu, na hivyo akapata njia ya heshima ya kujitenga na gharama bila kuwatukana wazee. Si haki kusema kwamba maradhi yale yalikuwa ya uongo. Parkin mwenyewe halichukulii jambo hili kwa wepesi huo. Lakini laonesha kwamba mvutano kati ya sherehe na pato ulikuwepo kabla ya kiwanda, na kwamba jamii iliutafutia ufumbuzi kwa lugha ya imani yake yenyewe. Mtu aliruhusiwa kuiepa karamu, mradi sababu yake ieleweke kwa wote.

Sasa turudi Magarini, ambako minazi ni michache na mambo yalikwenda njia nyingine. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya pwani wajitokeze na kuthibitisha madai yao. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wagiriama, ambao uthibitisho wao ulikuwa makaburi, mashamba na vinywa vya mashahidi, hawakupata kitu katika utaratibu ule, na waliovuka Sabaki wakawa, kwa macho ya sheria, wakazi juu ya ardhi ya mwingine. Uhuru haukulibadilisha hilo kwa haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ulianzishwa mradi wa makazi wa Magarini kwa msaada wa Australia, uliokata nchi vipande vilivyonyooka bila kujali mtu alizikwa wapi, na ambao uliishia katika kushindwa. Karibu na wakati huohuo maeneo makubwa ya ufuo yaligawiwa kwa ajili ya chumvi. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliendesha uchunguzi wa hadhara kuhusu sekta hiyo katika Magarini, na ripoti yake ikatoka mwaka 2006. Malalamiko yaliyosikilizwa yalihusu kufukuzwa kwa watu, kuharibiwa kwa mikoko, maji ya visima kuingia chumvi, na hali ya wafanyakazi.

Hapo ndipo swali la umuhimu wa sherehe linapoacha kuwa la hisia. Mgiriama humzika mtu wake nyumbani. Waliotangulia, ambao huitwa koma, huwekewa vijiti vya ukumbusho karibu na boma, na waliokuwa katika chama cha gohu huchongewa kigango. Sherehe za kuwakumbuka haziwezi kufanyika popote. Zataka pale walipo. Mtu akiondolewa katika ardhi hiyo amepoteza shamba, na vilevile amepoteza jukwaa la sherehe yake na ushahidi wake kwa pamoja. Kigango kilichoibwa usiku na kuuzwa kwa watalii, kama vilivyouzwa vingi hata vikafika katika makumbusho ya Marekani, ni hasara ya namna hiyohiyo kwa kiwango cha familia moja. Inafahamika kwamba baadhi vimerudishwa. Viwili vilirejea mwaka 2007. Lakini kigango kinaporudi na boma halipo tena, hakuna mtu anayejua pa kukisimika.

Kuhusu wakati, kazi ya chumvi ina kalenda yake. Chumvi haivunwi mvua ikinyesha. Huvunwa jua likiwa kali na upepo ukivuma. Kibarua analipwa kwa kazi aliyoifanya, na siku asiyokwenda hana chochote. Kalenda ya Kigiriama nayo ilikuwa na juma la siku nne, na siku ya nne, Jumwa, jembe lilipumzika. Jina hilo lingali hai kwa watoto wa kike, hata pale ambapo mzazi hawezi tena kusema leo ni siku ya ngapi katika juma la zamani. Maziko yasiyo ya Waislamu, kama kwingineko nchini, sasa mara nyingi hungojea Jumamosi, ili wenye kazi waweze kufika. Hili limechukuliwa na wengi kuwa dalili ya kudhoofika kwa desturi. Laweza kusomwa kinyume chake. Mtu asiyejali mazishi angezika Jumanne pamoja na wachache waliopo. Anayengojea Jumamosi, tena kwa gharama ya chumba cha maiti, anangojea watu. Na shughuli, kama ilivyokwisha semwa, ni watu.

Kilichobadilika kwa ubaya ni usiku wa mkesha. Katika vijiji vingi vya Kilifi nyimbo za hanga zimepisha kile kinachoitwa disko matanga: spika za kukodi, umeme au jenereta, muziki wa redioni, na umati wa vijana ambao wengine hawamjui marehemu. Wakuu wa utawala wameipiga marufuku mara kadhaa, wakiihusisha na mimba za wasichana wa shule, na wazazi wengi wanawaunga mkono. Ukali huo una sababu. Hata hivyo mhakiki analazimika kusema neno ambalo halitapendeza: kati ya mambo yote yanayofanyika leo, disko matanga ndilo lililo karibu zaidi na hanga kwa muundo. Lina mkesha, lina wajibu wa kuhudhuria, na mara nyingi lengo lake ni kuchangia gharama za maziko. Kilichotoka ni vitu viwili. Kwanza, maneno: muziki wa kukodi haumtaji marehemu, haumsifu wala kumsuta, wala hausemi lolote juu ya kijiji. Pili, walinzi: katika hanga la zamani palikuwa na wenye ngoma na wenye kuifunga ngoma, na dhihaka za matusi, ambazo nazo zilikuwepo, ziliruhusiwa ndani ya mipaka yao. Disko halina mwenye kulifunga ila polisi. Marufuku inaweza kuondoa spika. Haiwezi kurudisha nyimbo.

Upande mwingine wapo wanaofanya kazi ya kuzirudisha. Bungale, ndani ya Magarini, ndiko aliko zikwa Mekatilili, na huko, mwezi wa Agosti, wazee wa kaya, vikundi vya ngoma na chama cha utamaduni cha Malindi wamekuwa wakikusanyika kumkumbuka. Serikali nayo imelitambua jina lake. Tarehe 20 Oktoba 2010, katika Siku ya Mashujaa ya kwanza, sanamu yake ilizinduliwa mjini Malindi na bustani ikapewa jina lake. Misitu ya kaya, pamoja na Kaya Giriama, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na mwaka 2009 desturi za kaya zikawekwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Haya yote ni mema, na anayeyadharau hajui hali ilivyokuwa hapo awali, ambapo kijana aliyejulikana kuwa wa kaya alichekwa shuleni.

Lakini kutambuliwa kuna bei yake. Kunapokuwa na hema la wageni wa heshima, ngoma huelekezwa hemani, hupewa dakika, mtangazaji huieleza kabla haijachezwa, na hadhira, ambayo mwaka 1913 ilikuwa ni sehemu ya ngoma, huketi. Hotuba ya mwanasiasa huchukua muda mrefu kuliko kifudu. Tofauti hiyo ni ya utanzu, wala si ya wingi wa watu: kifudu cha kuangaliwa si kifudu cha kuitikiwa. Wala si lazima mambo yawe hivyo. Maulidi ya Lamu, yaliyotiwa nguvu na Habib Swaleh na msikiti wa Riyadha tangu mwanzoni mwa karne ya 20, huvutia wageni kutoka nchi nyingi, na bado msomaji na mwitikiaji wamebaki kuwa walewale, kwa sababu chuo kinawafunza watoto maneno mwaka mzima. Kaya haina chuo cha namna hiyo. Wanawake wanaozijua nyimbo za kifudu kwa utaratibu wake ni wazee, na idara za fasihi za vyuo vikuu vya pwani zina wanafunzi wengi wa Kigiriama ambao kila muhula huandika insha juu ya tamthilia za Ulaya.

Kwa wakazi wa Marereni suala hili linabaki kuwa la vitendo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua mlango wa jamii kusajili ardhi yake, na jamii inayotaka kusajiliwa hutakiwa kwanza ikusanyike, ijitambue kuwa nani ni mwenzao na nani siye, na ikubaliane juu ya mipaka. Hanga lilikuwa likifanya kazi hiyo bila kuandika. Ni wapi pengine watu hao watakutana kwa wingi, wazee na vibarua pamoja, si jambo ambalo ofisi ya ardhi imelieleza.

Kuhusu siku ya kukutania, hesabu yenyewe si ngumu. Juma la siku nne na juma la siku saba huangukiana mara moja katika kila siku 28. Kibarua wa chumvi anayepumzika Jumapili huipata Jumwa ndani ya Jumapili yake mara 13 kwa mwaka, ajue asijue.